Je, Watu wa Thika na Ruiru Wamepata Nafuu? Namna ya Kupima Hali ya Nyumba Yako

Liko swali ambalo huulizwa sana katika miji ya Thika na Ruiru, sokoni, ndani ya matatu na baada ya ibada ya Jumapili: Je, sisi tuna nafuu leo kuliko tulivyokuwa miaka michache iliyopita? Swali ni fupi, lakini jibu lake si jepesi. Wako wanaojibu upesi kwamba hali imeharibika kabisa. Wako pia wanaoonyesha kwa kidole barabara, majumba ya ghorofa na maduka mapya, wakauliza, mtu awezaje kusema kwamba hakuna maendeleo? Na huenda wote wawili wakawa wanasema kweli, kila mmoja kwa kadiri aonavyo kutoka mlangoni pake.

Makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini majibu hayo hutofautiana, nini maana ya hesabu za bei zinazotangazwa kila mwezi, na jinsi mtu mwenye kalamu na karatasi awezavyo kuipima mwenyewe hali ya nyumba yake. Si jambo la kupitishia wakati tu. Mtu asiyejua kipimo cha hali yake huweza kukopa fedha asizoweza kulipa, akidhani kwamba amepanda kwa kuwa mshahara wake umeongezwa. Mwingine hujilaumu, au hulaumiwa na jamaa zake, kuwa ni mvivu au mbadhirifu, na kumbe hana kosa lolote.

MIJI MIWILI ILIYOKUA UPESI

Kwanza yafaa tuikumbuke miji yenyewe. Thika iko kilomita 40 na ushei kutoka Nairobi. Reli ilifika huko mwaka 1913, na baadaye mji ukawa mji wa viwanda: mananasi hutiwa mikebeni, mafuta ya kupikia husafishwa, ngozi hutengenezwa, nguo hufumwa, mikate huokwa. Kwa ajili ya viwanda hivyo watu waliupa jina la Birmingham ya Kenya. Ruiru, iliyo katikati ya Nairobi na Thika, ilijulikana zaidi kwa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo tangu miaka ya 1940, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imechukua jina la mji huo.

Tarehe 9 Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki aliifungua barabara kuu mpya ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa karibu kilomita 50, iliyogharimu shilingi bilioni 30 na zaidi. Safari ambayo zamani ilichukua saa mbili au zaidi wakati wa msongamano ilifupika sana. Tangu hapo mtu aliweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru bila taabu kubwa, na watu wengi wakafanya hivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Ruiru ilikuwa na watu wasiofika 240,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 mji huo ulihesabiwa kuwa na watu 490,120, ukawa wa nne katika Kenya nzima baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika nayo, iliyokuwa na watu wasiofika 140,000 mwaka 2009, ilikuwa na watu 251,407 mwaka 2019.

Mashamba makubwa ya kahawa yaliyozunguka Ruiru yalikatwa ploti. Palipokuwa na mibuni pakajengwa nyumba za kupangisha, shule, maghala na hata mji mpya mzima, ule uitwao Tatu City. Basi anayesema kwamba nchi hii imebadilika hasemi uongo. Lakini kubadilika kwa mji ni jambo moja, na nafuu ya mtu mmoja mmoja aliye ndani ya mji huo ni jambo jingine.

NAFUU HAIKUINGIA MILANGO YOTE SAWASAWA

Tutazame nyumba za namna tatu, kwa maana karibu kila msomaji ataiona yake katika mojawapo ya hizo.

Namna ya kwanza ni nyumba iliyokuwa na ardhi kabla ya barabara. Mtu aliyekuwa na ekari moja au mbili karibu na Ruiru, Juja au Thika aliona thamani ya ardhi yake ikipanda bila yeye kuongeza jembe wala mbolea. Aliyeikata ploti za futi 50 kwa 100, akauza chache na kujenga vyumba vya kupangisha kwa fedha hizo, alipata pato la kila mwezi. Huyu akiulizwa, husema amepata nafuu, na ni kweli. Lakini kuna hatari mbili. Ardhi huuzwa mara moja tu, na aliyeuza yote akanunua gari na vitu vya kupita, sasa ni mpangaji katika mji ambao baba yake alikuwa mwenye shamba. Tena, aliyejenga kwa mkopo wa benki alipata taabu mwaka 2024, wakati Benki Kuu ilipokuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13 kuanzia mwezi wa Februari mpaka ilipoanza kuipunguza mwezi wa Agosti. Riba za mabenki kwa wakopaji zilikuwa juu kuliko hiyo.

Namna ya pili ni nyumba ya mshahara. Hawa ni wafanyakazi wa viwandani, walimu, makarani, walinzi na wale wanaopanda matatu alfajiri kwenda Nairobi. Wengi wao walikuja baada ya barabara, na ardhi walikuta imekwisha kupanda bei. Kwao ile nafuu ya mwenye ploti huonekana kama kodi ya nyumba, inayolipwa kila mwanzo wa mwezi. Fedha ile ile huhesabiwa mara mbili: kwa mmoja ni pato, kwa mwingine ni gharama.

Namna ya tatu ni nyumba ya biashara ndogo: mama mboga wa Makongeni, fundi wa jua kali, kijana wa bodaboda pale Kihunguro. Hawa hawana hati ya mshahara. Hali yao hufuata mifuko ya wale wa namna ya pili, kwa maana mfanyakazi akipungukiwa, hupunguza kwanza vile anavyonunua kwa mama mboga na safari za pikipiki. Kijana wa bodaboda ana jambo lake la pekee, nalo ni petroli. Kwa bei ya Nairobi, ambayo bei ya Thika na Ruiru haiko mbali nayo, lita moja ya petroli ilikuwa Sh. 83.33 mwezi wa Mei 2020, ikafika Sh. 217.36 mwezi wa Oktoba 2023, kisha ikashuka hadi Sh. 180.66 mwezi wa Oktoba 2024. Kushuka huko kulisaidia, lakini bei hiyo ilikuwa bado zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka 2020.

KASI YA BEI SI BEI YENYEWE

Hapa ndipo watu wengi wanapotatizika. Kila mwisho wa mwezi Shirika la Takwimu la Taifa, lijulikanalo kwa herufi KNBS, hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei. Mwezi wa Oktoba 2022 kiwango hicho kilikuwa asilimia 9.6. Mwezi wa Oktoba 2024 kilikuwa asilimia 2.7 tu. Wengi waliposikia kwamba mfumuko wa bei umeshuka kiasi hicho, walikwenda dukani wakitazamia kuona bei za zamani. Hawakuziona, wakasema kwamba hesabu zile ni za uongo.

Hesabu hazikuwa za uongo; zilifahamika vibaya. Mfumuko wa bei ni mwendo, kama mwendo wa gari. Matatu itokayo Nairobi kwenda Thika ikipunguza mwendo ifikapo Juja, haijarudi Nairobi. Ingali inakwenda mbele, ila polepole. Vivyo hivyo, mfumuko ukishuka kutoka asilimia 9.6 hadi 2.7, bei hazikurudi nyuma. Ziliendelea kupanda, ila kwa upole zaidi, tena zikianzia pale juu zilipokwisha kufika.

Shirika hilo hupima bei kwa kulinganisha kikapu cha vitu na bei yake ya Februari 2019, ambayo imepewa hesabu ya 100. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 hesabu hiyo ilikuwa takriban 140. Maana yake ni kwamba vitu ambavyo mwaka 2019 vilinunuliwa kwa Sh. 1,000/- vilihitaji takriban Sh. 1,400/-. Basi mtu ambaye pato lake halikuongezeka kwa kadiri ya shilingi 40 katika kila 100 kwa muda huo, alirudi nyuma hata kama hakupoteza kazi yake wala kupunguziwa mshahara.

Sababu za kupanda huko zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilitoka mbali. Mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Vita vya Urusi na Ukraine, vilivyoenea mwezi wa Februari 2022, vilipandisha bei ya ngano, mafuta na mbolea duniani kote. Shilingi yetu nayo ilidhoofika: mwaka 2019 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi 100 na kidogo, lakini mwezi wa Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160, kabla ya kurudi kwenye shilingi 129 hivi. Viwanda vya Thika hununua vitu vingi kutoka ng'ambo kwa dola, na gharama hiyo huishia katika bei ya chupa ya mafuta na mkate. Tena mwezi wa Julai 2023 kodi ya nyongeza ya thamani juu ya petroli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Hata hivyo, si kila bei ilikataa kushuka. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita Sh. 200/- katikati ya mwaka 2022. Baada ya mvua njema na mavuno mazuri ya miaka iliyofuata, ilishuka waziwazi. Mavuno mazuri huweza kushusha bei ya unga, lakini ni nadra sana kushusha kodi ya nyumba, karo au nauli.

MSHAHARA ULIOANDIKWA NA FEDHA ZA MKONONI

Jambo la pili linalotatiza watu ni tofauti iliyopo kati ya mshahara ulioandikwa na fedha zinazofika mkononi. Na tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwandani mwenye mshahara wa Sh. 30,000/- kwa mwezi, ambao haukubadilika.

Mwezi wa Januari 2023 mfanyakazi huyo alikatwa Sh. 200/- za malipo ya uzeeni ya NSSF, Sh. 900/- za bima ya afya, na kodi ya mapato ya Sh. 1,315/-. Alibakiwa na Sh. 27,585/-.

Mwezi wa Januari 2025 alikatwa Sh. 1,800/- za NSSF, Sh. 825/- za bima mpya ya afya, na Sh. 450/- za tozo ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 2023. Kodi yake ya mapato ilipungua ikawa kama Sh. 731/-, kwa sababu tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo yote huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Alibakiwa na Sh. 26,194/-. Yaani, kwa mshahara ule ule, mkononi zilipungua karibu Sh. 1,400/-.

Sasa tuongeze habari ya bei. Kutoka Januari 2023 hadi Januari 2024 bei zilipanda kwa asilimia 6.9, na kutoka hapo hadi Januari 2025 kwa asilimia 3.3. Ili anunue vitu vile vile alivyonunua kwa Sh. 27,585/-, alihitaji kama Sh. 30,460/-. Lakini yeye alipokea Sh. 26,194/-. Pengo ni zaidi ya Sh. 4,200/- kwa mwezi. Mtu huyu akisema amerudi nyuma, hanung'uniki bure. Anasoma hesabu sawasawa, ingawa hakuiandika.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Zile Sh. 1,800/- za NSSF hazikupotea. Ni akiba yake ya uzeeni, na mwajiri humwongezea kiasi kile kile juu yake. Kwa hiyo sehemu ya fedha alizozikosa leo atazikuta baadaye. Lakini akiba ya uzeeni hainunui unga wa leo, na mwenye nyumba hangojei mpangaji wake astaafu.

Kima cha chini cha mishahara nacho kiliongezwa kwa asilimia 12 mwezi wa Mei 2022, kisha kwa asilimia 6 mwezi wa Novemba 2024. Katika muda uliokuwa kati ya nyongeza hizo mbili, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 13. Ndiyo maana nyongeza ya pili ilipokelewa kwa shukrani, lakini haikuijaza nafasi iliyokwisha kuchimbwa.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2023 uchumi wa nchi uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 5, na mwaka huo huo mishahara ya wafanyakazi, ikipimwa kwa vitu inavyoweza kununua, ilipungua kwa wastani. Mambo hayo mawili hayapingani. Mavuno ya shamba huweza kuongezeka na kibaba cha mfanyakazi kikapungua, ikitegemea jinsi mavuno yanavyogawanywa. Hisia hiyo ilikuwa na nguvu sana katikati ya mwaka 2024, wakati vijana walipoandamana katika miji mingi, Githurai na Thika zikiwamo, kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Watu wengi walipoteza maisha katika maandamano ya nchi nzima, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo.

SWALI HILI SI JIPYA

Asidhani mtu kwamba ni kizazi hiki peke yake kinachojiuliza swali hili. Mwaka 1954, wakati wa utawala wa Kiingereza, kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya. Iligundua kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni ya watu binafsi walipata mishahara isiyotosha mahitaji ya lazima ya afya, heshima na nguvu za kufanyia kazi. Nao uchumi wa miaka ile ulikuwa unakua.

Sababu moja kubwa iliyoonekana ni kwamba mshahara ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto. Kamati ilishauri kwamba kipimo kiwe ni nyumba: mume, mke na watoto wawili. Fundisho hilo lingali linafaa. Atakaye kujua kama mtu amepata nafuu, asiulize mtu huyo anapata kiasi gani peke yake. Aulize ni watu wangapi wanaokula kutoka katika pato hilo.

Na hapa pana jambo ambalo husahauliwa. Mara nyingine gharama huongezeka kwa sababu ya maendeleo yenyewe. Tangu mwaka 2018 Serikali ilisisitiza kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aendelee na ya sekondari. Mzazi ambaye zamani angekuwa na kijana anayemsaidia shambani au dukani, alijikuta ana mwanafunzi anayehitaji sare, vitabu na nauli. Nyumba hiyo ina fedha chache kuliko zamani, lakini ina kitu ambacho haikuwa nacho. Si haki kuiita nyumba iliyoanguka.

TUNALINGANISHA NA MWAKA GANI?

Jibu la mtu hutegemea pia mwaka anaoukumbuka. Aulinganishaye mwaka huu na mwaka 2020 ataona nafuu, kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa shida isiyo ya kawaida. Tangu tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watu walikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Upande wa kaskazini mpaka wa eneo hilo uliwekwa kwenye daraja la mto Chania, hapo hapo Thika. Mfanyabiashara wa Thika hakuweza kuvuka daraja kwenda Murang'a kama alivyozoea. Kuulinganisha mwaka wowote na miezi ile ni kama mtu aliyeponea homa kujisifu kwamba ana nguvu kuliko siku aliyokuwa kitandani. Ni heri kuchukua mwaka 2019, au mwaka mwingine ambao nyumba ilikuwa katika hali yake ya kawaida.

Akili nayo ina desturi yake. Hukumbuka sana bei ya vitu tunavyonunua kila siku, kama unga, maziwa na nauli, na husahau vile tunavyonunua mara moja kwa miaka mingi, kama simu au kitanda. Kwa hiyo unga ukipanda, huona kila kitu kimepanda. Tena, humtazama jirani: aliyejengewa ghorofa mbele ya dirisha lake hujiona maskini zaidi, ingawa sufuria yake haikupungua. Ndiyo maana haifai kutegemea moyo peke yake. Moyo uambatane na daftari.

NAMNA YA KUPIMA MWENYEWE

Kipimo chenyewe ni rahisi, na chaweza kufanywa jioni moja.

Kwanza, andika pato la nyumba nzima kwa mwezi, la wakati ule na la sasa. Usiandike mshahara uliotajwa katika barua ya kazi. Andika fedha zilizofika mkononi. Changanya na faida ya biashara ndogo, na kodi ya vyumba kama unavyo.

Pili, andika vitu kumi ambavyo nyumba yako haiwezi kukaa bila navyo: unga, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa, mboga, gesi au makaa, maji na umeme, nauli, kodi ya nyumba, na karo. Andika kiasi kinachotosha kwa mwezi, na kiasi hicho kiwe kile kile kwa miaka yote miwili. Kisha andika bei ya wakati ule na ya sasa. Bei za zamani zinaweza kupatikana katika risiti, katika daftari la mwenye nyumba, na katika ujumbe wa M-Pesa uliohifadhiwa kwenye simu. Jumla yake ndiyo bei ya kikapu chako.

Tatu, gawanya pato kwa bei ya kikapu. Tuseme zamani pato lilikuwa Sh. 24,000/- na kikapu Sh. 16,000/-. Pato hilo lilinunua kikapu kimoja na nusu. Tuseme sasa pato ni Sh. 30,000/- na kikapu ni Sh. 22,500/-. Pato hilo hununua kikapu kimoja na theluthi. Pato limeongezeka kwa robo nzima, na bado nyumba imerudi nyuma. Hesabu hii ndogo hueleza jambo ambalo waume na wake wengi wamegombana kwa ajili yake bila kulifahamu.

Nne, andika madeni na akiba. Nyumba inayoonekana kuwa sawa kwa sababu kila mwisho wa mwezi huchukua Fuliza, au hukopa kwa rafiki ili imlipe rafiki mwingine, haiko sawa. Imeahirisha tu siku ya kujua.

Tano, jiulize maswali matano ambayo watafiti wa Afrobarometer huwauliza watu wa nchi nyingi za Afrika. Katika mwaka uliopita, ni mara ngapi wewe au mtu wa nyumbani mwako mlikosa chakula cha kutosha? Maji safi? Dawa au matibabu? Nishati ya kupikia? Fedha taslimu? Mtu huweza kusitasita akiulizwa kama ni maskini, lakini hukumbuka vema siku ambayo jiko halikuwashwa. Jibu kwa mwaka ule wa zamani na kwa mwaka huu, kisha linganisha.

BAADA YA KUPIMA

Atakayeona kwamba nyumba yake imesonga mbele, amshukuru Mungu na kuweka akiba wakati neema ingalipo. Na kama neema hiyo imetoka katika ardhi, asiile ardhi yenyewe. Atakayeona kwamba imerudi nyuma, ajue kwanza sababu. Ikiwa pengo limetokana na jambo la kupita, kama ugonjwa au msimu mbaya wa biashara, mkopo mdogo wa chama au wa sako huweza kumvusha. Ikiwa limetokana na mshahara usiofuata bei, mkopo hautalijaza, kwa maana mwezi ujao litakuwapo tena pamoja na riba. Dawa ya pengo kama hilo ni kutafuta pato jingine, kupunguza gharama iliyo kubwa zaidi, ambayo kwa wengi ni kodi ya nyumba, au kusema na mwajiri kwa njia ya chama cha wafanyakazi. Na mfanyakazi aendaye kwenye mazungumzo hayo akiwa na hesabu ya vikapu vyake mkononi husikizwa vizuri kuliko aendaye na malalamiko matupu.

Wale wanaotangaza hesabu za nchi nao wana la kujifunza. Mkazi wa Kiandutu akisema kwamba hakuona nafuu katika mwaka ambao uchumi ulikua, asiambiwe kwamba hajui. Wastani wa nchi hauonyeshi mlango wa mtu mmoja, na yeye ndiye aujuaye mlango wake. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Na umaskini bila daftari huingia vivyo hivyo, bila habari, mpaka siku mtu anaposhangaa kuukuta umeketi barazani. Basi, msomaji, jioni moja ya juma hili chukua kalamu, kaa na watu wa nyumbani mwako, mhesabu vikapu vyenu pamoja.